Sauti ya Lieselotte na Pembe ya Shaba

Jumamosi, 13 Aprili

Asubuhi njema, imeharibika mapema. Ottmar Nägele, jirani yangu wa nyumba ya pili, amewasha gari lake. Hakuwa anakwenda popote! Amekaa tu mle ndani na kofia yake ya ngozi, akaliacha lingurume. Na linanguruma kweli. Ngurumo nzito, inakuingia kwa nyayo, vikombe vyetu kabatini vikagongana. Kisha akazima, akaniangalia juu ya uzio, akanitakia asubuhi njema. Njema ya nini!

Nami nikamwasha Lieselotte. Gari jekundu la michezo, viti viwili, mwaka 1969. Sura anayo. Mwendo anao. Sauti hana. Anakohoa, anapiga chafya, halafu anatulia kama friji. Ottmar akaniuliza kama nimempeleka kwa daktari.

Msafara wa Mei wa chama chetu cha magari ya zamani hauko mbali. Na kila mwaka kabla ya msafara hutolewa Pembe ya Shaba kwa gari lenye sauti nzuri kuliko yote. Ukipewa, unaifunga mbele ya gari mwaka mzima. Mwamuzi ni Bi Adelgunde Rösch, aliyepiga kinanda kanisani tangu mimi nikivaa kaptula. Husimama mbele ya hoteli ya Linde, ametugeuzia mgongo, macho amefumba, magari yanapita nyuma yake. Hadanganyiki kwa rangi. Pembe iko kwa Ottmar. Mwaka juzi ilikuwa kwa Ottmar. Imeshazoea kwa Ottmar.

Roswitha, mke wangu, ametangaza jambo wakati wa supu. Amechoka kufinyanga vyungu jikoni na kuvipeleka mji wa jirani kuchomwa. Anataka tanuri lake mwenyewe, na pa kuliweka ni mahali pamoja tu: banda la gari. Nikamwuliza, na Lieselotte? Akasema Lieselotte atalala nje na turubai, kama mbuzi. Nikapiga magoti. Tumekubaliana: nikirudi na Pembe, banda ni la Lieselotte milele. Nikirudi mikono mitupu, tanuri linaingia.

Nimempa mkono. Nina mpango. (Bado sijaujua, lakini ninao.)

Leo kibao cha zamu ya kufagia, tunachopokezana na Ottmar kila wiki, kimehamia mlangoni kwetu. Wiki nzima kichochoro ni changu. Balaa haliji peke yake.

Jumapili, 14 Aprili

Sailensa ya bomba la moshi! Ndiyo dawa. Ya sasa ni nzee na pua imeziba. Nimetandaza vitabu vya wauzaji kitanda kizima. Kuna ya chuma kisichoshika kutu, mdomo mmoja mpana, wanasema ina "sauti ya simba mwenye adabu". Kuna ya midomo miwili, "roho ya mashindano ya Italia". Kuna nyingine ya kawaida kabisa, picha ndogo, haina sifa yoyote. Hiyo nimeiruka.

Sasa, mtu anachaguaje sauti kwenye picha? Nikapata wazo la kitaalamu. Nimemketisha Roswitha kwenye kiti, mgongo kwangu, macho amefumba, awe ndiye Bi Rösch. Nami nikaziigiza kwa mdomo, moja moja. Simba mwenye adabu: akasema ni bafu linalotoa maji. Roho ya Italia: akaniuliza kama nimekunywa ile dawa ya tumbo. Nikarudia kwa nguvu zaidi, huku nikikanyaga mafuta hewani.

Dirisha lilikuwa wazi. Ottmar akatokea kwenye uzio, amevaa suruali ya kulalia. Akanikumbusha kwamba leo ni Jumapili, tena mchana, saa za kimya kwa mujibu wa sheria ndogo za mji. Akasema kama ninaumwa atanisamehe. Nikamwambia nafanya mazoezi ya kwaya. Akasema basi anaionea huruma kwaya.

Yeye! Mwenye ngurumo ya kuvunja vikombe!

Lakini hapo ndipo akili iliponifunguka. Kwa nini nihangaike kuchagua, wakati sauti bora imelala hatua chache kutoka mlangoni kwangu? Ninachotaka ni kujua Ottmar amefunga sailensa gani.

Jumanne, 16 Aprili

Nimemwendea Ottmar na chupa ya mvinyo mwekundu, ile niliyokuwa nimeitunzia siku ya kustaafu. Mpango: anywe, alegee, aropoke.

Amekunywa. Amelegea. Ameropoka habari za goti lake. Goti la kushoto, tangu lilipoanza kuuma hadi sindano ya mwisho. Kila nilipougeuza mdomo wake kwenye sailensa aliurudisha gotini. Mwishoni nikamwuliza waziwazi. Akaweka kidole mdomoni, akaniambia, "Bwana Klumpp, kuna mambo mwanamume haulizwi." Kisha akaniuliza kama nina chupa nyingine.

Mchawi mkubwa.

Ijumaa, 19 Aprili

Ushindi! Niandike taratibu.

Gari la Ottmar lilikuwa limesimama kichochoroni. Kichochoro ni zamu yangu. Mwenye zamu ana haki ya kufagia popote, na hakuna mtu wa mji huu atakayethubutu kumzuia anayefagia. Nikachukua ufagio, beleshi dogo na tochi mfukoni. Nikafagia kwa madaha mpaka kwenye gurudumu lake la nyuma. Nikalala chali. Nikaingia chini.

Na nikaiona! Kubwa, nyeusi, imezeeka vizuri. Ubavuni imegongwa herufi: KR 44. Nimeisoma mara tatu. Nimeipapasa upande wa chini na kuibusu kidogo, sijui kwa nini.

Hapo nikasikia viatu. Viatu vya Ottmar. Akauliza hiyo miguu ni ya nani. Nikajibu kwamba ni ya jirani, na nafagia. Nikajua nimekwisha, kesho habari iko chamani, kesho kutwa nimefukuzwa.

Nikatoka na masizi usoni na jani moja kavu kwenye beleshi. Nikamwonyesha jani. Ottmar akalitazama. Machozi yakamlengalenga! Akasema ameishi kichochoro hiki maisha yake yote, mama yake alifagia hapa, bibi yake alifagia hapa, na hajawahi kuona mtu akifagia chini ya gari la mwenzake. "Wewe ndiye mtu safi, jirani," akasema, na kunishika mkono wangu mchafu kwa mikono yake yote miwili.

Kisha akaharibu. Akasema tangu leo iwe ndiyo desturi. Zamu yake ikifika, atafagia chini ya Lieselotte.

Si neno. Lieselotte hana siri. Bado.

Nimeagiza KR 44 jioni hii hii. Roswitha ameuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikamwambia asinunue udongo mwingi.

Jumatano, 24 Aprili

Imefika. Ajabu moja: ndiyo ile ya picha ndogo isiyo na sifa. Huo ndio ujanja wao! Kitu kizuri hakijitangazi.

Nimeifunga mwenyewe. Roswitha kashika tochi, mimi nimelala chini, bolti tatu zimeniangukia usoni na moja imepotea kabisa. Hatimaye ikakaa. Nikapanda kwenye usukani, nikavaa kofia, nikamwambia Roswitha azibe masikio. Akaziba. Nikawasha.

Baada ya muda akayazibua, akauliza ninangoja nini.

Nikamwambia nimeshawasha.

Akainama, akaweka kiganja kwenye bomba la moshi, akasema kumbe kweli, kuna joto. Nilisikia saa ya ukutani ya jikoni. Nilisikia nyuki! Lieselotte wa zamani angalau alikohoa. Huyu mpya hapumui.

Nimewapigia simu wauzaji, nikawafokea. Kijana mmoja mpole akaniambia nisiwe na wasiwasi, sailensa mpya huwa imebana, ikishatembea kilomita mia tano koo litafunguka. Nilijua! Nimemwomba radhi kwa kumfokea. Kwa hiyo kazi iliyobaki ni kutembea tu.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimetoka kununua mkate, nakuta miguu miwili imechomoza chini ya Lieselotte. Ottmar. Anafagia, kama alivyoahidi. Lakini tochi ya nini mchana?

Ametoka taratibu kwa sababu ya goti. Masizi hana, maana kule chini kila kitu ni kipya na kinang'aa. Akapangusa suruali, akasema, "Chini kwako ni safi sana, Bwana Klumpp. Safi mno." Na akanitazama jinsi mtu anavyomtazama mwenzake kwenye karata. Ananishuku! Anaogopa! Ameona KR 44 na amejua kwamba mchezo umekwisha.

Nimekula mkate wote kwa furaha. Roswitha amekuta makombo.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu. Tumezunguka milimani tangu asubuhi ili kufungua koo. Roswitha amekuja nami, jambo ambalo hajalifanya kwa miaka, maana zamani alikuwa akishuka garini kichwa kinamuuma kwa kikohozi cha Lieselotte.

Leo ameongea njia nzima. Nami nimemsikia! Amenihadithia habari za dada yake, za daktari wa meno, za rangi fulani ya kijani ambayo hutoka tu ukichanganya majivu ya mti wa tofaa. Tumesimama kwenye kilima tukala saladi ya viazi kutoka kwenye kopo. Akasema hajui kama ni hewa au ni nini, lakini leo nimesema mambo mawili ya maana. Nikamwuliza ni yapi. Akasema yameshapita.

Nikiri, ilikuwa siku nzuri sana. Nilisahau kusikiliza sailensa.

Tukarudi kupitia kijiji kimoja ambako mwanamke anauza matanuri ya umeme. Roswitha akaomba tusimame dakika mbili tu. Alizunguka tanuri moja la duara, akaligusa kifuniko, akakinyanyua, akachungulia ndani, akakirudisha polepole kama anayefunika mtoto. Moyo uliniuma kidogo. Kidogo tu! Kisha nikakumbuka turubai.

Kilomita mia tano zimetimia mlangoni. Sauti: hakuna. Kijana wa simu hapokei tena.

Jumamosi, 4 Mei

Muujiza. Jana Ottmar alipeleka gari lake kwenye ukaguzi, leo amerudi nalo. Nilikuwa dirishani. Gari likaingia kichochoroni bila kishindo. Limepita chini ya dirisha langu, paka wa jirani hata hakunyanyua kichwa! Ottmar akateremka, amekunja uso, hakusalimia, akakipokea kibao cha zamu mlangoni kwangu, akaingia ndani.

Limeharibika. Bila shaka limeharibika, siku moja kabla ya mashindano! Sijui injini, sijui nini, halinihusu. Adui hana sauti. Mimi pia sina, lakini mimi nimezoea.

Nimecheza na Roswitha jikoni. Akasema tusubiri kesho. Wanawake hawana imani.

Mpango wa kesho: nikifika nyuma ya Bi Rösch, nikanyage mafuta hadi chini. Hata bubu ukimkanyaga vizuri hupiga kelele.

Jumapili, 5 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Jua, bendera, bendi ya matarumbeta, mji mzima mbele ya Linde. Bi Rösch katika koti lake la kijani, mgongo kwetu, macho amefumba, mkono juu, tayari kuushusha kwa mshindi. Mimi wa kwanza kwenye foleni. Nimejipanga! Katibu wa chama akapunga kitambaa. Nikakanyaga mafuta hadi chini na kupita nyuma ya mgongo wa Bi Rösch.

Nilipofika mwisho wa uwanja nikamsikia akimwuliza katibu, kwa sauti ya kinanda, kama la kwanza limekwama, maana amechoka kusimama.

Watu walicheka mpaka bendi ikapoteza wimbo.

Akafuata Ottmar na kofia yake ya ngozi. Akapita. Bi Rösch akasema, "Jamani, mtaanza lini?"

Katibu akajaribu kumweleza. Wakati huohuo gari la muuza soseji, ambalo lilikuwa limechelewa kuja kutulisha, likakata uwanja kwenda kwenye nafasi yake. Kuukuu, mlango umefungwa kwa kamba, bomba la nyuma linaburuta chini. Likalia! Likanguruma, likatetemesha glasi mezani, likatoa mlipuko mmoja wa kumalizia. Bi Rösch akashusha mkono. Tuliona bega lake likitetemeka. Akasema kwa machozi kwamba hajasikia besi ya namna hiyo tangu kinanda cha zamani kilipoondolewa kanisani.

Kanuni ni kanuni, mwamuzi hageuki. Pembe ya Shaba imefungwa kwenye gari la soseji. Muuza soseji amedhani ni ya kuitia wateja, na ameipiga mchana kutwa.

Nilikaa na Ottmar nyuma ya hoteli, kila mmoja na bia yake. Nikamwuliza gari lina nini. Akaniambia yote. Mkaguzi alilinyanyua, akaingiza mkono juu ya sailensa, upande ambao hauonekani ukiwa umelala chini, na ngumi yake ikazama ndani. Tundu! Kutu imeila miaka yote. Ile ngurumo, zile Pembe, vikombe vyangu vyote vilivyogongana, ni tundu tu. Sailensa yenyewe ilikuwa ya kimya kuliko zote sokoni, marehemu mama yake ndiye aliyemnunulia ili asiudhi majirani. Mkaguzi akamkatalia mpaka aweke nzima. Na Ottmar, kwa kuwa alishaona ile mpya chini ya Lieselotte, akajua mimi nimechunguza sana na nimepata kitu cha siri. Akafungiwa hiyo hiyo palepale, bila kujua ni ile ile aliyomnunulia mama.

"Nilikuamini, jirani," akasema.

Tumemaliza bia zetu. Magari yetu mawili yalikuwa yamesimama mbele yetu, yamenyamaza.

Roswitha hakunicheka njiani. Alinishika mkono. Kisha akauliza upana wa mlango wa banda.

Jumanne, 7 Mei

Tanuri limefika. Ni lile lile la duara. Wanaume wawili wamelibeba, nami nimeshika mlango kama bawabu. Lieselotte yuko nje na turubai. Mvua inanyesha.

Roswitha ameimba jioni yote. Alivaa aproni mpya ndani ya banda, akasimama tu akiliangalia. Nilifurahi kumwona hivyo. Nasema kweli. Halafu nikaenda nje kumpapasa Lieselotte juu ya turubai na kumwambia avumilie, maana nina wazo.

Jumamosi, 11 Mei

Mimi ni mtu hatari.

Fikiri: sauti ni tundu. Tundu liko wapi? Kwenye sailensa ya zamani ya Ottmar. Nayo iko wapi? Ghalani chini ya nyumba yake, kwenye rafu ya vyakula, katikati ya mitungi ya matango, maana hana moyo wa kuitupa. Mkaguzi hatamwona Lieselotte mpaka mwakani wakati wa baridi. Msafara ujao ni Mei! Nafunga kipande cha Ottmar siku moja kabla, napita nyuma ya Bi Rösch, anazimia, natwaa Pembe, tanuri linatoka, nafunga ile nyingine, mkaguzi ananipongeza. Nimeutafuta ubovu wa mpango huu kwa muda mrefu. Haupo.

Ottmar amekuwa mgumu. Amesema si kitu cha kuuza, ni kumbukumbu ya mama. Nikabembeleza. Nikapandisha dau. Tumekubaliana: sailensa ni yangu, na mimi nitafagia zamu zake zote mpaka Krismasi. Pamoja na theluji. Pamoja na chini ya gari lake. Amenipa mkono haraka sana, mjinga yule, kabla hata hajafikiri. Kisha akaja na nyundo, akakipigilia kibao cha zamu mlangoni kwetu kwa misumari.

Nimeibeba ndani ya blanketi la sufu. Nzuri! Tundu lake nimelipima, ngumi yangu pia inaingia.

Tatizo ni Roswitha. Akiiona ataniuliza, nikiulizwa nitasema. Chini ya kitanda atapafagia. Jikoni hapana. Ndipo nikawaza: mahali ambapo hawezi kunishuku ni pale alipopapata kwa kushindwa kwangu! Nimenyanyua kifuniko, nimeilaza mle chini mshazari, na blanketi lake, nikafunika. Imeingia kana kwamba tanuri lilitengenezwa kwa ajili yake. Vyungu vya kwanza vya Roswitha bado vibichi, havitakauka kwa wiki mbili, na nani anawasha tanuri tupu?

Nimelala kama mtoto.

Jumatatu, 13 Mei

Siku njema. Nimefagia kichochoro chote, na chini ya gari la Ottmar. Jani moja.

Wakati wa chakula Roswitha alikuwa na furaha sana. Alinieleza kirefu mambo ambayo mwanamke wa matanuri alimwagiza, mara ya kwanza hivi, mara ya kwanza vile, lazima liwashwe likiwa halina kitu, kitu gani sijui kuhusu unyevu. Sikufuatilia sana. Kichwani nilikuwa nasikia ngurumo. Niliitikia kwa kichwa kila alipotua, akanibusu, akasema nimebadilika, siku hizi ninasikiliza.

Ametoka kwenda bandani. Nimebaki mezani na shajara yangu na kipande cha keki.

Kuna harufu nje. Sufu inayoungua, kama sikosei, na kitu kama chuma. Moshi unapita uani. Bila shaka Ottmar, anachoma soseji ili kujiliwaza. Maskini, Pembe hana, mama hana, sailensa hana, na sasa hata soseji zinamshinda. Nimemwonea huruma. Nimefunga dirisha.